Nafasi ya Shangazi kwenye Turubai

Jumatatu, 3 Februari
Magunia ya ndengu tangu asubuhi. Mgongo unauma. Mashine ya kuchambua imefika kutoka Mukuyuni na inafanya kazi vizuri. Kuanzia wiki hii hakuna tena Alhamisi ya wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, kuketi kwenye turubai, kuchagua ndengu kwa vidole na kupiga domo mpaka jioni. Mtu atamwaga gunia lake kwenye mashine siku anayotaka, aende zake. Mimi ndiye meneja wa ushirika huu na nimechoka kuchelewa.

Jumanne, 4 Februari
Mkutano. Aliyeuliza swali ni Shangazi Syombua peke yake, aliyenilea.

"Na mtu asipokuja, tutajua aje?"

Nikamwambia simu ziko. Watu wakacheka. Naye akacheka, kidogo tu. Nilikasirika, kusema kweli. Mbele ya watu!

Alhamisi, 6 Februari
Ghala kimya. Kazi ya siku nzima imeisha saa tano. Nimejisifu, nakiri. Nimempigia shangazi nimringie. Hapatikani. Chaji tena.

Jumamosi, 8 Februari
Kalekye, jirani ya Shangazi, alipita kwake kuomba chumvi. Amemkuta chini kando ya tangi, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Hakuanguka jana, alianguka Alhamisi alfajiri. Siku mbili kwenye jua la Kyuso.

Simu ilikuwa mfukoni, imezima. Kwake hakuna stima. Huwa anaichaji hapa ghalani kila Alhamisi, soketi ya karibu na mzani. Nimeiona hiyo simu pale miaka mingapi?

Jumapili, 9 Februari
Shangazi amefariki hospitalini saa tisa mchana. Muuguzi amesema angeletwa siku ileile, angepona. Hakujua anamwambia nani.

Jumanne, 18 Februari
Tulimzika Ijumaa. Sili vizuri. Mhubiri alisema ni mapenzi ya Mungu na nikatamani kutoka.

Leo Kalekye ameniambia, bila ubaya wowote, kwamba Alhamisi mtu asipofika kufikia saa sita, mmoja wa wanawake wa turubai huinuka akaenda kumwangalia nyumbani. Tangu zamani. Haijaandikwa popote. Mimi kwenye ripoti yangu Alhamisi hizo niliziita muda unaopotea.

Nilipima kila kitu kwenye ghala lile. Sikuwahi kuketi nao hata siku moja.

Alhamisi, 20 Februari
Mashine imezimwa. Nimetandika turubai mwenyewe, mapema. Sikumwita mtu, nilipitisha habari kanisani tu. Wamekuja wote. Nimeketi nao. Vidole vyangu ni vizito, wamenicheka, nimeshukuru.

Hakuna aliyekaa upande wa soketi, pale alipozoea kuketi Shangazi.

Saa sita Kalekye ameangalia pale. Akafunga leso, akaanza kuinuka. Kisha akaketi tena, akaendelea kuchagua.