Ngazi Mbili Nilizozipeleka kwenye Udokozi

Nkuhungu, nyuma ya mashine ya kusaga,
Dodoma.
Ijumaa, 18 Julai 2025

Mpendwa Kaka Halfani,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako mwenyewe, wewe na mkeo Anyitike, na joto lenu la huko Mtwara liwe limepungua kidogo. Kikohozi vipi? Ulisema vumbi la ghala la korosho linakukaba kifuani. Sijui umekwenda hospitali au unajikaza tu kama tabia yako. Sisi wazima, Alhamdulillah. Mama kule Kondoa goti linamsumbua asubuhi, ikifika mchana analisahau anakwenda shamba. Abdulrahim ana meno manne sasa na anang'ata kila kitu, hata kalamu hii nimeitoa mdomoni mwake.

Huku baridi ndiyo hiyo, na upepo wa mwezi wa saba unaujua, unaanika shuka jeupe unaanua jekundu. Hamidu anakusalimu. Kazi za madirisha ya alumini zipo, siku zisipokuwepo anapanda bodaboda yake.

Kaka, simu ningepiga. Lakini jambo hili nikilisema kwa simu nitalisema vibaya na wewe utacheka katikati. Sitaki ucheke kabla hujafika mwisho. Tangu Jumapili iliyopita situlii. Nakaa, nasimama, naingia ndani, nasahau nilichofuata. Jana nimeunguza karai zima la maandazi na macho yangu yapo humohumo kwenye karai.

Ni habari ya mchezo wetu, ule uliotuachia ulipohamishwa.

Najua Anyitike atasoma begani kwako, basi mwambie si kamari, maana hapa mtaani wakiona dadu wanaanza maneno. Mwambie kila mtu ana mhusika wake wa kufikirika, na mhusika ana kazi yake: huyu mpiganaji, yule tabibu, mwingine mwindaji. Msimulizi anatueleza tumefika wapi na nini kimetutokea mbele, sisi tunasema tunafanya nini, dadu inaamua kama tumeweza. Tukivuka shida tunapanda ngazi, na kila ngazi inakupa uwezo mpya katika kazi yako. Basi, ni hilo tu. Ulipoondoka usimulizi ameuchukua Ebenezer, mpangaji wa chumba cha mbele. Anasimulia vizuri, mpaka nywele zinasimama, ila ana msimamo kama mwalimu wa zamu.

Sasa Nasra. Wifi yangu, dada yake Hamidu, amepata ajira, kaka! Uuguzi, amepangiwa Biharamulo. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka, halafu nikaingia jikoni nikalia. Anaondoka Jumatatu na basi la alfajiri.

Wewe unajua Nasra ni nani kwangu. Siku ile nimejifungua damu ikakataa kukatika, Hamidu yupo Singida kikazi, ni yeye aliyekimbia korido akiwaita wauguzi kwa majina, ni yeye aliyenipiga mashavu akiniambia, "Zaitun, nitazame mimi, usitazame dari." Yeye wakati huo mwanafunzi bado. Tangu siku hiyo mimi na yeye si mawifi wa kurushiana maneno.

Kwa hiyo Jumapili hii inayokuja ndiyo ya mwisho kucheza naye. Na mhusika wake, Sikitu yule mwindaji, ni jiwe. Amegeuka jiwe, na kosa ni langu.

Nikueleze. Mimi si ndiye tabibu? Nilichoka, kaka. Kila vita nipo nyuma nafunga watu vidonda. Wenzangu wanaruka kuta, mimi naulizwa, "Dawa zipo?" Na nyumbani ni hivyohivyo, uji, nepi, nani anaumwa. Nikatamani siku moja niingie mahali kimyakimya, nitoke na kitu mkononi, mtu asijue. Ebenezer aliposema sheria inaruhusu mhusika kuongeza kazi ya pili, nikachukua udokozi. Ndiyo, udokozi. Hamidu alicheka mpaka akamwaga chai. "Mama Abdul, yaani umeacha kutibu watu umekwenda kuwaibia?"

Lakini na yeye akachanganya, upiganaji wake na uchawi. Tulishangilia wote. Kwani nani hapa Dodoma ana kazi moja? Hamidu akipanda bodaboda, ufundi wake haupungui. Mimi nikikaa kusuka watu nywele, maandazi hayaachi kuumuka. Ebenezer mwenyewe ofisini ni karani na uani ana kuku. Tukaona kazi ya pili ni nyongeza tu, kama kibarua.

Kumbe kwenye mchezo haiko hivyo. Ngazi uliyoipa kazi hii umeinyima ile. Hamidu sasa hapigi vizuri wala harogi vizuri, anarusha moto wa kuwasha kibatari tu. Na mimi nilikuwa natamba nimefika ngazi ya tano!

Jumapili iliyopita tumeingia shimo la chumvi. Mle ndani kuna bibi mmoja mrefu, hana kope, akikupulizia unakauka. Akampulizia Sikitu. Ebenezer anasimulia taratibu, miguu imekuwa jiwe, kiuno, mabega, mpaka upinde mkononi. Mimi wala sikushtuka. Nikajisogeza mbele. "Tulieni, namfungua."

"Kufungua jiwe ni tabibu wa ngazi ya tano," anasema Ebenezer.

"Ndiyo mimi."

"Wewe tano zako ni za jumla, Mama Abdul. Utabibu unazo tatu. Mbili ulizipeleka kwenye udokozi."

Kaka, nilisikia masikio yanawaka. Nasra akacheka, akasema, "Haya, nitakuwa sanamu, mtaniegemea mkichoka." Akabeba vikombe akaenda kuviosha. Tangu hapo anapanga nguo zake kwenye begi na kuzipangua, hazungumzi habari ya mchezo kabisa. Nikimgusia anasema, "Wifi, ni mchezo tu." Anavyosema "tu" ndiyo inaniumiza.

Nimemwomba Ebenezer alegeze mara hii moja. Nimempelekea maandazi ya moto. Amekula, amekataa. Anasema wewe mwenyewe ulimkabidhi dadu ukamwambia msimulizi akianza kuhurumia watu, mchezo umekufa. Ulisema hivyo kweli? Kama ulisema, naomba umpigie useme umebadilisha. Wewe ndiye mkubwa wetu kwenye jambo hili. Sitaki Nasra apande basi huku nimemwacha ndani ya shimo. Yeye hakuniacha.

Naweka kalamu, mtoto ameamka. Kesho nitaikabidhi stendi.

Jumatatu, 21 Julai

Kaka, sikuipeleka. Jumamosi walikuja watu wawili kusuka kwa ajili ya harusi, siku ikaisha. Naendelea humuhumu, karatasi nyingine sina.

Jana tumecheza baada ya chakula cha mchana, pale barazani, mkeka na vigoda vilevile. Nasra amekuja kukaa kwenye kigoda cha mwisho, kanga begani, kama mgeni aliyepita kusalimia. Abdulrahim yupo mapajani kwake.

Ebenezer akaanza. Shimo la chumvi, giza, yule bibi amelala amekaa, shingoni vibuyu vyake vidogo vinagongana akipumua. Hivyo vibuyu alivitaja na wiki iliyopita, tukavichukulia ni mapambo tu ya hadithi. Sasa mimi nilikuwa sina la kufanya, jiwe siliwezi, kupigana siwezi, nikabaki nasikiliza kila neno kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Nikamuuliza, "Ndani ya vile vibuyu kuna nini?"

Akatabasamu! Mara ya kwanza tangu wiki ile. "Hamkuwahi kuniuliza," akasema. "Kuna pumzi za watu aliowakausha. Kimoja bado kina joto."

Kaka, nilisimama. Hamidu akasema, "Kaa chini, huchezi mpira." Sikukaa. Kurudisha pumzi kwa mwenyewe ni kazi ya tabibu wa ngazi ya kwanza kabisa, yaani ni kama kupima homa. Shida ni kukipata kibuyu kutoka shingoni mwa bibi asiamke. Na hiyo si kazi ya tabibu hata awe wa ngazi ya kumi.

"Nakwenda kukidokoa," nikasema.

Ebenezer akanipa dadu ile ya pande ishirini. Akasema ikitoka chini ya kumi na tano, bibi anaamka, na jiwe la pili ni mimi. Nikaitupa. Ikazunguka, ikagonga kikombe, Abdulrahim akataka kuidaka, Nasra akamvuta mkono. Kumi na nane. Hamidu alipiga kelele mpaka kuku wa Ebenezer wakatawanyika. "Mwizi! Mke wangu mwizi!" Jirani akachungulia ukutani.

Basi nimekaa mbele ya Sikitu, kibuyu mkononi. Nikasema namimina. Nasra akaweka kiganja juu ya dadu.

"Wifi, acha."

Nikadhani bado amenuna. "Nasra, nisamehe basi, si nimekuja kukuchukua?"

"Sijanuna. Sikiliza. Ukinifungua leo, kesho mimi sipo. Sikitu atatembea na nyie hana mwenyewe. Mara mmwendeshe nyie, mara mseme amekwenda kuwinda, mara mumpe mtu. Baada ya miezi miwili hamtakumbuka hata alikuwa anapenda nini."

"Sasa tukuache shimoni?" Hamidu akamuuliza.

"Niacheni jiwe. Jiwe haligawiwi mtu. Pumzi yangu akae nayo wifi. Nikija likizo mnifungue, nikukuteni mnanisubiri."

"Huyu dada," Hamidu akasema, "hata kuripoti kazini bado, ameshaomba kulala."

Tukacheka, lakini mimi na Nasra tulikuwa tunafuta macho kwa kanga moja. Ebenezer akajifanya anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha sheria. Akaniandikia kwenye mali za mhusika wangu, kibuyu kimoja, cha joto. Nikamuuliza kikipoa je. Akasema atafikiria. Nikamwambia afikirie vizuri, maana sasa ninajua kuiba.

Leo alfajiri tumemsindikiza stendi. Ameondoka na begi moja, ndoo ya karanga na mto wake. Mtoto hakulia pale. Amelia tuliporudi nyumbani, alipotambaa mpaka mlangoni kwa Nasra akakuta komeo. Nimembeba mgongoni nikafagia uwanja mzima, sijui hata nilikuwa nafagia nini. Bado mwili haujatulia. Nasra amepiga simu mchana, wamepita Singida, ameuliza kama nimekula.

Kwa hiyo lile la kumpigia Ebenezer usilifanye. Asilegeze kitu. Ila kama una maneno ya kumwambia kuhusu kibuyu kupoa, hayo mwambie.

Jioni hii Priska wa nyumba ya pili alikuja kurudisha chekecheo. Amesikia Nasra kaondoka, na siku zote alikuwa anatuchungulia tukicheza. Akauliza kama nafasi ipo, huku anavuta kile kigoda cha mwisho. Hamidu alikuwa anakunywa chai, wala hakuinua kichwa.

"Karibu sana, mama. Utaletewa kigoda kingine. Hapo kuna mtu."

Nisalimie Anyitike, mwambie akuchemshie tangawizi hata ukikataa. Wasalimie na wenzako wa ghalani walionitumia korosho wakati wa Idi. Hamidu, Abdulrahim na Ebenezer wanakusalimu, na Mama anakuombea kila akiinuka kwenye mkeka. Mwenyezi Mungu akupe kifua chepesi na njia nyeupe, aturudishe siku moja wote kwenye baraza hili.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata usipojibu upesi,

Zaitun