Mtandao Ulioishia Kwenye Sufuria

Mbarara, Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana najua utamwambia Fabrisi asome huku wewe unazunguka na ufagio. Kaa kwanza, Mama. Mgongo bado unakusumbua? Na mvua huko Misiera imeanza, au mnaendelea kutazama mawingu? Mimi ni mzima. Chakula nakula. Usingizi tu ndio unanikimbia, na nitakueleza kwa nini.

Najua ungependa nipige simu. Lakini kwenye simu mimi hukosa maneno, nabaki kusema "ndiyo, Mama" mpaka salio linaisha. Kwa hiyo nimeandika, na dereva anayekuletea sufuria atakupa mkononi.

Unakumbuka nilikwambia habari za ufadhili wa kidato cha tano? Walioomba ni wengi, nami nikabaki kati ya wachache wa kuhojiwa kwa video. Nisipoupata, baada ya mitihani narudi Misiera kukaa nawe dukani. Si kwamba sipendi kukaa nawe. Unanielewa.

Shule iliniazima laptopu. Shida ilikuwa chumba alichonipa Hajati. Kimepakana na duka lake la sufuria, ukuta mmoja tu, lakini waifai yake ilikuwa inafika kama mtu aliyetembea kutoka mbali: kijiti kimoja kwenye kioo, kisha hakuna kitu. Nilisoma ushauri wote nilioupata. Nikaweka laptopu juu ya sanduku, nikaiweka dirishani, nikasimama kitandani nikaiinua kwa mikono miwili. Nikaufuta mtandao na kuuingiza upya. Nikaizima, nikaiwasha. Idi, kitindamimba wa Hajati, akawa anapita mlangoni anacheka.

"Odeta, unafukuza nyuki?"

"Natafuta mtandao."

"Basi panda kwenye paa, utafute na mwezi!"

Jumatatu watu wa ufadhili wakanipigia. Hata swali la kwanza sikulimaliza. Picha yangu iliganda mdomo ukiwa wazi, Mama, nikaiona mwenyewe ile sura, kisha kila kitu kikakatika. Wakaandika kwamba watanipa nafasi ya pili Alhamisi asubuhi, na kwamba ni ya mwisho.

Jumanne wakaja watu wa harusi kutoka Kabingo, wakanunua sufuria kubwa karibu zote za Hajati. Jioni ile chumbani mtandao ukajaa, vijiti vyote! Nikadhani laptopu imepona. Jumatano mzigo mpya ukashushwa, Hajati akapanga sufuria zake kama kawaida, kubwa chini, ndogo juu, mpaka karibu na dari. Mtandao ukapotea. Nikakaa kitandani nikafikiri. Ruta ya Hajati iko kwenye rafu ya chini kabisa, ameifunika kitambaa cha kufuma isiingie vumbi, na ule mnara wa sufuria umesimama kati yake na ukuta wangu. Kwenye ushauri waliandika wazi kwamba mawimbi hayapiti kwenye vitu vya chuma na bati. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi, lakini mimi nilikuwa nahangaika na laptopu tu, sikuwaza upande wa pili wa ukuta.

Sasa ningesemaje? Mimi ni mgeni. Hajati alinipokea kwa ajili yako, kwa sababu ya miaka yote uliyochukua mzigo kwake. Nitamwambiaje mwenye nyumba kwamba bidhaa zake zimenikalia njiani? Jioni nzima nikazunguka uani na sentensi moja mdomoni. Ilitoka Alhamisi, wakati anafungua duka.

"Hajati, samahani... sufuria zinazuia mtandao."

"Nini? Sema, mwanangu, usiongee na kifua chako."

Nikamweleza yote. Akanisikiliza, kufuli bado liko mkononi.

"Na siku zote hizo ulikaa kimya? Bambi, maskini! Lakini sheria yangu unaijua. Mteja wa kwanza hajanunua, hapana kugusa mpango. Nikivunja mnara sasa, nimevunja siku yangu."

Naijua, Mama. Wewe mwenyewe uliichukua kwake, ndiyo maana asubuhi hatukuruhusiwa hata kusogeza kibiriti dukani kwetu.

"Wanapiga lini hao watu?"

"Sasa hivi, Hajati."

Akatazama barabara. Hakuna mteja. "Kale, sawa. Kama mtandao hauwezi kutoka, wewe utaingia." Akavuta kistuli, akakiweka nyuma ya mnara, kando ya ruta, akakiondoa kitambaa kwa mkono wake.

Vijiti vyote vikawaka. Mama mwenye kuhoji akatokea safi, nikaona hata hereni zake. Nikafurahi pia kwamba sufuria zinanificha. Kisha akasema kwa Kiingereza, "Picha ni nzuri sana, lakini sikusikii. Ongeza sauti."

Mtandao ulikuwa umejaa, Mama. Aliyekuwa hafiki ni mimi.

Upande wa pili wa sufuria wateja walikuwa wameanza kuingia, nasikia wanauliza bei. Nikafumba macho, nikaongea kama wewe unavyoita watu siku ya soko. Sufuria zikavuma. Nikasema nataka kusoma fizikia. Aliponiuliza kwa nini, majibu niliyokariri yakanitoka kichwani, nikamsimulia habari ya mnara na harusi ya Kabingo. Wateja wakausogelea mnara. Mwanaume mmoja akauliza, "Hajati, huko nyuma umeficha mwalimu?"

"Ni mtoto wangu huyo. Nyamaza, ama ununue."

Akanunua, wa kwanza siku hiyo. Nilipomaliza, Hajati akapanda kistuli, akaitundika ruta kwenye msumari juu ya sufuria zote. Kitambaa akakirudisha. Nikamwambia hakina neno, mawimbi hupita kwenye nguo.

Sasa chumbani mtandao haukatiki. Walisema watajibu kwa barua pepe. Nafungua kabla sijavaa sare, nafungua nikivua, nikienda kunywa maji narudi nafungua. Idi anasema nitamaliza vibonyezo. Zamani kukiwa kimya nilisema ni mtandao. Sasa vijiti vyote vipo, na bado kimya. Kusoma nasoma, lakini ukurasa mmoja naurudia mpaka nauchukia.

Nisalimie bibi yangu Anastazia, umwambie rozari yake iko chini ya mto wangu. Msalimie shangazi Beata na shamba lake la Rugaaga, na katekista aliyenifundisha kusoma. Kaka Fabrisi, ahsante kwa kusoma, na usiruke maneno.

Mama, Jumapili baada ya misa nendeni Base Camp, pale simu inaposhika vizuri, mnipigie kwa video. Jibu liwe limekuja au halijaja, sitasema "ndiyo, Mama" peke yake. Utanisikia hata ukiishika simu mbali.

Mtoto wako akupendaye,
Odeta