Difu ya trekta na mama mkwe

Wee uko wapi? Shemeji yako kaniua leo.

Kile kijigari chake cha kupandia milima kimekamilika. Gia boksi ya gari dogo, difu ile ya kuzungusha magurudumu ya nyuma ni ya trekta. Fundi mwenzake alimwambia ahesabu kwanza meno ya gia aone kama yanaendana, akajibu jicho la fundi linatosha. Jicho la fundi.

Akampakia mama yake mbele, mimi nyuma, tumrudishe kwake kilimani. Gia ya nne, injini inalia mtaa mzima, na kuku anatupita. Kuku.

Mama akashuka, akatembea. Akafika kwake, akarudi kutuletea maji.

Shemeji yako jasho linamtoka: "Mama, usisimame mbele ya gari, ni hatari."

"Sawa, mwanangu. Ngoja nikaanue nguo, nikirudi nitakupisha."