Mtamba wa Mbio za Didia

Jumatatu, 9 Juni
Maziwa hadi Kambarage mjini, kama kawaida. Kwenda upepo usoni, kurudi mgongoni. Mama wa hoteli kaonja, eti leo hayana maji. Kama kuna siku yalikuwa na maji, aseme.

Nilipofika nyumbani, hata sijashusha madumu, Minza akaja kuminya tairi langu. Anaangalia upepo, anasema. Nani kamtuma?

Minza ni mke mwenzangu, mdogo. Ua mmoja, nyumba mbili. Februari mume wetu, Baba Maduhu, alimletea baiskeli kutoka Bulyanhulu anakochimba. Mwaka jana alimuuza ng'ombe wangu wa maziwa ili achimbe duara, shimo la dhahabu, na duara hilo halijatoa dhahabu hata ya kuziba jino. Baiskeli ya Minza limetoa. Yangu naifunga kwa kufuli kwenye mguu wa kitanda.

Jumatano, 11 Juni
Gari la matangazo limepita. Mbio za wanawake, Jumamosi tarehe 28. Mjini hadi hapa Didia, kugeuza, kurudi mjini. Baiskeli za kawaida, zenye gia hazitakiwi. Wa kwanza anapewa mtamba. Wa pili khanga. Khanga ninazo.

Namtaka huyo mtamba. Nauza maziwa ya jirani kama kibarua, mimi niliyekuwa nakamua wangu. Ng'ombe wa nyumbani mume anamfungua akitaka. Huyu nitakuwa nimempata kwa miguu yangu. Aje na kamba yake aone.

Jioni nimejiandikisha kwa mtendaji. Jina la Minza lilikuwa limeshatangulia.

Ijumaa, 13 Juni
Minza anaondoka alfajiri kuelekea Tinde, anarudi shuka limelowa jasho mgongoni. Mwaka jana hakujua hata kupanda.

Leo nilikuwa nachambua pamba nyuma ya nyumba yake. Alikuwa kwenye simu na Baba Maduhu. Nimesikia kwa masikio yangu: "Ndiyo. Nikimpata, ni wako."

Basi. Sasa najua baiskeli ilikuwa ya nini. Akishinda yeye, mtamba anaingia shimoni na yule wa kwanza.

Jumatatu, 16 Juni
Holo, mtoto wa Minza, alikuwa anakunywa chai ya rangi na kiporo. Alipokuwa mchanga alilelewa kwa maziwa ya ng'ombe wangu yule. Mtoto hana kosa. Nikammiminia kikombe. Mama yake akaniangalia muda mrefu. Sikuipenda ile kuangalia.

Alhamisi, 19 Juni
Kanifuata hadi mjini. Mimi na madumu yangu, yeye hana mzigo, kalalia tairi langu la nyuma njia nzima. Namkatia upepo bure. Anausoma mgongo wangu, anataka ajue nachokea wapi.

Kwenye kilima akaja ubavuni, akasema nikae nyuma yake nipumzike. Nimekataa. Siku ya mbio nisije nikamzoea.

Jumanne, 24 Juni
Kaka yangu Masanja kapiga simu kutoka Usanda. Yeye amecheza ngoma za mashindano tangu kijana, anajua watu wanavyofanyiana. Kanipa masharti. Mtu asiguse baiskeli yangu. Siku yenyewe nisimpe mtu mkono. Nisinywe maji ya mtu. Nimemcheka, nikamwambia mimi naenda kanisani.

Halafu nimenunua kufuli la pili.

Ijumaa, 27 Juni
Kaigusa.

Nilitoa baiskeli nje kuifuta, nikaenda kwa jirani kuazima pampu. Nimerudi, cheni inang'aa. Imepakwa kitu, kizito, kinanuka samli na kitu kingine nisichokijua. Minza anafuta vidole kwenye khanga. "Nimeilainisha, dada. Ilikuwa inalia."

Mshindani gani analainisha cheni ya mwenzake? Tena mbio ni kesho?

Nimeivua cheni yote. Nimeiosha kwa majivu na sabuni ya unga, nikaisugua kwa mchanga, nikairudia kwa maji ya moto. Nimeianika juani mpaka ikawa nyeupe. Hakuna dawa iliyobaki pale, iwe ya Minza au ya aliyemtuma. Mafuta mapya sijaweka. Duka la vipuri hapa ni la binamu yake.

Jumamosi, 28 Juni
Nimeshindwa. Niandike yote au nisiandike kabisa. Naandika.

Asubuhi mjini, mstarini, Minza akanyoosha mkono. Nikajifanya nafunga khanga kiunoni. Mkono ukabaki hewani, watu wakaona. Sawa tu.

Kwenda, upepo mgongoni, kila mtu shujaa. Hapa Didia tuligeukia pipa lililowekwa barabarani. Majirani zangu wanashangilia, "Mama Maduhu! Mama Holo!" Majina yote mawili, bila aibu.

Kurudi ndiko kwenye mbio. Upepo wa kiangazi usoni, vumbi, malori. Mmoja mmoja wakakatika. Tukabaki watatu. Mimi, Minza, na Rehema wa Geita, mrefu, anayewapelekea wachimbaji wali kwa baiskeli. Miguu ya yule dada ni miguu kweli.

Cheni ikaanza kulia. Kwanza kidogo, halafu kama kuku anayekamatwa. Kila nikikanyaga inagoma, inaachia, inagoma. Minza akaja ubavuni. "Dada, pita nyuma yangu. Nikukatie upepo." Nikamwambia akae mbali nami. Nikavuta mwenyewe, wote wawili wamenilalia, kuanzia huko hadi mabati ya mji yalipoanza kuonekana. Nilikuwa bado na nguvu. Naapa nilikuwa nazo.

Cheni ikakatika. Pedeli zikazunguka bure na mimi karibu nianguke.

Minza akanipita. Hakugeuza hata shingo. Rehema nyuma yake.

Nimeingia uwanjani nasukuma baiskeli. Nimemkuta Minza kashika kamba ya mtamba. Mwekundu, tumbo jeupe, pembe ndiyo kwanza zinachomoza. Kamshinda Rehema kwa tairi moja.

Jumapili, 29 Juni
Kanisani sikwenda. Mtamba yuko zizini. Watu wanakuja kumtazama, wananipongeza na mimi, eti ng'ombe ni wa ua mmoja. Minza alikuja mlangoni kwangu mara mbili. Sikufungua. Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Jumatatu, 30 Juni
Nimeamka, zizi tupu.

Minza hayupo. Baiskeli yake ipo, kaondoka kwa miguu, akiswaga. Nyayo za ng'ombe zinafika barabara kuu, halafu magari yamezifuta. Holo nimemkuta kalala kwenye mkeka barazani kwangu, kafunikwa shuka la mama yake. Mama gani anamwachia mtoto mtu asiyemfungulia mlango?

Kampeleka Bulyanhulu. Sina haja ya kuambiwa. Simu yake haipatikani. Ya Baba Maduhu sikupiga, nisije nikasikia anavyocheka.

Jumanne, 1 Julai
Baba Maduhu kaja. Kwa bodaboda, na dalali wa ng'ombe nyuma yake, na kamba mpya begani. Nimempa shikamoo ya baridi. Akaenda moja kwa moja zizini. Akarudi.

"Ng'ombe yuko wapi?"

Nilidhani ananifanyia mchezo. Nikamtazama usoni. Hajui. Kweli hajui! Nikaketi. Kama hayuko kwake, yuko wapi? Nikamwambia ng'ombe ni wa mkewe mdogo, amngoje amuulize mwenyewe.

Wakati wanakula ugali, simu ikaita. Masanja. Nikaenda nayo nyuma ya choo.

Kasema mke mwenzangu kafika kwake Usanda jana jua likizama, miguu imechubuka, na mtamba. Minza kamwambia, "Nimekuja kubilisa. Ni wa dada yako." Kubilisa ndiyo desturi yetu ya kumlaza ng'ombe kwenye zizi la mtu mwingine akutunzie. Masanja hakuelewa kwa nini kwake, mpaka Minza alipomweleza. Kwao Minza hakuna pa kumficha. Yeye hakutolewa mahari, Baba Maduhu angekwenda tu na kumfungua. Ila mimi nilitolewa, ng'ombe walikwenda kwa Masanja. Mwanamume akienda kudai ng'ombe ukweni, kila mtu anajua anadai mahari yake. Anavunja ndoa. Baba Maduhu hawezi kukanyaga pale na kamba.

Mimi nimeolewa miaka yote hii na halikunijia kichwani.

Nikarudi, nikawaongezea mboga. Akauliza nani kapiga. Nikasema mama wa hoteli, anataka maziwa mengi zaidi.

Jumatano, 2 Julai
Minza karudi mchana, anachechemea. Kamsalimia mume wetu kwa magoti. Akaulizwa. Akasema kabilisa.

"Kwa nani?"

"Kwa mtu mwaminifu."

Kafoka, kapiga teke ndoo. Akanigeukia mimi, eti mkubwa wa nyumba lazima najua. Nikasema sijui. Nimesema sijui nikimwangalia machoni, na Minza akainamisha kichwa. Dalali akachoka kungoja, akaondoka na bodaboda. Jioni Baba Maduhu naye kamfuata.

Tulipobaki wawili nilitaka kumuuliza yote kwa pamoja. Nimeanza na ile simu ya Baba Maduhu. Kasema angemjibu vingine, baiskeli ingerudi Bulyanhulu siku ileile. Na nilipokatikiwa na cheni? "Ningesimama, dada, yule wa Geita angemchukua."

Ya cheni yenyewe sikuuliza. Kaisema mwenyewe. Samli na mafuta ya ufuta, ndiyo yaliyokuwemo ndani. "Uliiosha?" Nikasema niliiosha. Hakucheka. Afadhali angecheka. Nimeona haya mpaka masikio yamewaka moto.

Jumapili, 6 Julai
Usanda, tumekwenda baada ya ibada. Nimefunga cheni mpya. Minza kaipaka mafuta yake, nami nikainama kunusa. Kaniona. Samli, na ufuta.

Katangulia yeye, Holo kwenye keria. Nimelalia tairi lake njia nzima na upepo sikuusikia.

Mtamba kanenepa kidogo. Masanja kamkata sikio alama ya baba yetu. Nimemuuliza Minza, mtamba akizaa, maziwa tutagawanaje. Kasema Holo kwanza, halafu nitakavyoamua mimi. Nikamwambia tutaona. Bado sijamjua yule mwanamke.

Tumerudi giza linaingia. Baiskeli zote mbili ziko nje, ukutani kwake. Kufuli sijui nililiweka wapi. Nitalitafuta nikipata nafasi.