Mama na mstari wa geto la Warszawa

Bożena, uko? Nimejifungia chooni hospitalini. Mama yuko nje, anasubiri daktari wa macho.

Tulikuwa tunavuka ule mstari wa chuma barabarani, unaoonyesha ulipopita ukuta wa geto, mtaa ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mimi na wewe tumeukanyaga mara nyingi. Mama akasimama. Nikamwambia, "Mama, tutachelewa." Akasema, "Nilitolewa hapa. Mama yangu alinitia kwenye gunia la viazi. Nilikuwa na miaka mitano."

Mama yangu huyu, Bożena. Asiyekosa misa hata siku moja.

Nikamuuliza, "Mama, unajisikia vibaya?"

"Sijambo. Ila mimi siyo Halina. Naitwa Rywka."

Alilisema kama mtu anayekutajia saa. Rywka, jina la Kiyahudi. Nimelirudia humu chooni mara kumi. Sijalia. Sijui hata nihisi nini.

Nikamwambia, "Mama, miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

Akafunga kifungo cha koti lake taratibu. "Mama alinikataza kulitaja jina langu mpaka aje kunichukua. Nilikuwa namngoja."