Rwamigongo Asiuawe

Kanoni, Karagwe
Mwezi wa tisa, 1954

Mume wangu Mutalemwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo uliyonitumia kwa dereva wa lori nimeipata, marahaba, lakini sipendi shikamoo inayopandishwa juu ya magunia. Wewe huna miguu? Tangu tulipomzika shangazi yako hujakanyaga hapa. Nyasi ulizoziacha mpya juu ya paa zimeoza, zimeezekwa nyingine, na walioezeka ni watoto wa watu. Huko Bukoba mnakula nini kinachomsahaulisha mjukuu bibi yake? Kama ni samaki, mwiba wake ukukwame kooni. Usikukwame sana, kiasi cha kukukumbusha njia.

Haya, hasira zimeisha. Kifua kile kimepona? Mke wako hajambo, na mtoto wenu ameota meno? Mimi nipo. Goti la kushoto linanigomea kwenye mteremko wa kisimani, ila mdomo hauna maradhi, kama unavyoona. Anayeniandikia ni katekista Melkiory, na nimemwambia aandike kila neno, asinivishe adabu nisiyokuwa nayo.

Sasa kaa chini. Kitabu cha nne kimefika.

Wewe hujui vitabu vyako vya joka vimetufanya nini huku. Kile cha kwanza, binti alipookota yai kwenye migomba akidhani ni jiwe la kusagia, watoto wa kitongoji kizima waliokota mawe, na mengine niliyakuta yamelaliwa na kuku wangu. Cha pili, Rwamigongo alipojifunza kutoa moto kidogo kidogo akawa anavundika ndizi za pombe ya rubisi, wanaume walisema joka kama hilo wangeliposea binti. Cha tatu, aliporuka Mto Kagera asirudi, Deodatha, mtoto wa jirani yetu Projest, alikataa kula mpaka mama yake akanijia mimi kunilaumu, kana kwamba nimemficha joka uvunguni.

Hiki cha nne kilishukia kwa Saleh, yule mwenye duka pale Kihanga anayetupokelea mizigo. Saleh hana haya. Alikifungua, akakisoma chote barazani, ndipo akatuma mtu aniite. Nilimkuta macho mekundu, nikamuuliza kama amefiwa. Akasema ni vumbi la unga. Nikamwambia akithubutu kunieleza lililompata Rwamigongo, chumvi yangu nitanunua Nyakahanga hadi nife. Akajiziba mdomo kwa mkono kama mtoto aliyelamba asali. Njia nzima nilikikumbatia kitabu kifuani, mimi nisiyejua hata herufi moja, nikawa nasimama kila mlima kutazama ile picha ya binti ameketi shingoni mwa joka. Watu wakanifuata. Hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi.

Unaijua sheria ya hadithi: jua likiwa juu, hadithi haitolewi. Melkiory alibisha, akasema kitabu ni karatasi tu. Nikamwambia karatasi inayosema ni mdomo. Tungengoja giza, lakini mafuta ya taa hakuna, na moshi wa jikoni unamtoa Melkiory machozi hata kabla ya mahali pa kulia. Basi tukautengeneza usiku wetu. Tulijazana ndani ya msonge, tukatundika nguo ya gome mlangoni, tukamwachia msomaji tundu moja la mwanga. Jua likibaki kuchungulia na lichungulie, jicho halisikii.

Kosa letu ni kwamba ndani ya usiku ule mtu haoni mawingu. Kahawa ilikuwa uani kwa kila mtu, imeanikwa kwenye mikeka, na kiangazi kilikuwa bado kimekaza. Nani angeota mvua? Rwamigongo alikuwa amerudi, askari wa mfalme wamemzingira bondeni, mikuki imeinuliwa, na ngurumo ikapiga. Watoto wakapiga yowe. Melkiory akashusha kitabu, akakusifu kwamba siku hizi unaandika mpaka ngurumo inasikika, kisha akaendelea. Kumbe mbingu zimefunguka. Kahawa ya Projest, ambayo mkewe na Deodatha walikuwa wameachiwa kuilinda, iliondoka na mikeka yake, ikashukia migombani.

Projest akaja kutoka shamba la bondeni amelowa, amefura, akaing'oa ile nguo ya gome mlangoni. Alituita wavivu, akamwita Melkiory katekista wa nyoka, akauliza ni joka gani litakalomlipa kahawa yake. Akamshika Deodatha mkono amtoe nje. Mtoto akang'ang'ania nguzo, akamwambia baba yake amwache, mkuki umekwisha kurushwa na bado haujafika. Projest akasimama. Akauliza umerushwa na nani. Akaambiwa. Akauliza umeelekea wapi. Mimi nikamsogezea kigoda na buni za kutafuna, nikamwambia avue shati likauke. Ile nguo ya gome aliirudisha mlangoni kwa mkono wake mwenyewe, akatuonya tunyamaze.

Mkuki ukaingia chini ya bawa. Binti akauchomoa, damu ikatoka ya moto, ikaunguza majani. Na hapo, mjukuu wangu, ukakikata kitabu. Ukaandika kwamba cha tano ndicho cha mwisho na kinaitwa Kifo cha Joka. Projest ndiye aliyesema kwanza, kwamba kahawa ikilowa huanikwa tena, je, joka likifa linaanikwa wapi?

Ndipo Melkiory akanisomea barua yako iliyokuwa katikati ya kurasa. Kwamba bwana wako wa mtambo wa kuchapa amekwambia joka ni Shetani, watoto wa Kikristo wasifundishwe kumpenda, na kwamba nusu umekwisha kuiandika na baada ya Noeli kitachapwa. Projest alitaka kuondoka usiku ule kwa miguu na panga lake. Nimemzuia, lakini simwahidi bwana wako kwamba nitaweza kila siku.

Na huyu Melkiory, ambaye mwanzoni alikuwa upande wa bwana wako, kesho yake alikwenda kanisani kuitazama picha ya Malaika Mikaeli. Akarudi mbio, kanzu ameikunja mkononi. Anasema ni kweli malaika amemkanyaga joka, na mkuki ameushika, ila joka lina macho wazi. Ametazama kwa karibu mpaka padre akamuuliza ana shida gani. Mwambie bwana wako hivyo. Hata Malaika Mikaeli hakumalizia.

Sasa nimempa Melkiory maji anywe, kwa sababu ninayotaka kusema naye hajapata kuyasikia.

Juu ya jalada umeandika kwamba ni hadithi ya wazee wa kale wa Karagwe. Wazee gani? Mzee ni mimi. Hakuna babu aliyemjua Rwamigongo. Nilimtunga mimi, mchana kweupe, jua likiwa utosini. Mama yako Adelgunda alikuwa mdogo, ameshikwa na ndui. Walimjengea kibanda nje ya migomba, wakanikataza kuingia. Nikakaa nje, nimeegemea ukuta wa nyasi, yeye ndani analia. Kama ningengoja jioni ya hadithi, huenda nisingemkuta. Nikafungua mdomo, kikatoka kichwa cha joka, nami mkia wake siujui uko wapi. Jua lilisikia yote. Halikunifanya kitu.

Ikawa kila asubuhi, kabla hajaomba maji, anauliza kama Rwamigongo yuko hai. Namwambia yuko hai. Siku sauti yake ilipokuwa inakwisha, nilimwambia kwamba Rwamigongo naye amechomwa mkuki, ameingia chini ya chemchemi ya Mtagata kujiuguza, na maji yale ni ya moto kwa sababu ya pumzi yake, naye anamngoja aje aoge. Akapona, waitu, mjukuu wangu. Nikambeba mgongoni mpaka Mtagata, nikamshusha. Akatia mguu mmoja majini, akaniambia, mama, anapumua.

Sehemu hiyo sikukusimulia wewe. Ilikuwa yangu na yake. Na siku alipokuwa anatutoka, wewe umelala miguuni pake hujui lolote, aliniuliza lile lile. Nikamjibu lile lile. Sasa wewe, mwanaye, unataka kunifanya mwongo kwa wino? Mabawa uliyomwongezea nimekusamehe, tena yanampendeza. Kifo sikupi. Mwambie bwana wako kwamba aliyemzaa joka yuko Kanoni na amekataa. Andika chemchemi. Asipotaka, acha kazi hiyo ya kitabu cha tano, watoto hawa watamalizia kwangu.

Doa hilo la wino ni la Melkiory, anajifuta macho, naye leo hana moshi wa kusingizia. Anakusalimu. Projest anakusalimu, kahawa imekauka nusu. Saleh anasema asalaam aleikum na kwamba hakusoma kitu. Deodatha anakula, kwa sharti kwamba nakuandikia. Mbusu mtoto wenu, mwambie mkeo asikupe kazi ya kukuchelewesha. Mungu akulinde barabarani, maana barabarani ndiko ninakokutaka.

Ni mimi bibi yako,
Kokushubira (nimeweka dole gumba)

Ukija, njoo na karatasi zile ulizokwisha andika, tuwashie moto. Usibishe hodi. Simama nje, uniulize kwanza kama Rwamigongo yuko hai, kama mama yako alivyokuwa akiuliza. Nikikujibu, ingia.