Barafu ya Mto Wetu

Abaayo Sahra, dada yangu,

Assalaamu aleikum kutoka Mlima Kenya, ambako hata kalamu inagoma kwa baridi. Ulisema niende Kilimanjaro, barafu yake ni kubwa zaidi. Ni kweli. Ya huku imebaki kidogo, kama shuka iliyosahaulika juu ya mwamba.

Kijana anayeniongoza mlimani akanicheka: "Mama, umetoka Garissa kuja kuona hii tu?"

Nikamjibu, "Maji ya Kilimanjaro hayafiki kwetu. Marehemu mume wangu, Abdi, aliuza maji ya Mto Tana kwa mkokoteni wa punda, na alitamani kuona yanakoanzia."

Nikatia mkono kwenye maji yanayotiririka chini ya barafu, nikamwombea. Maji haya yatafika huko Garissa, inshallah. Ukitawadha nayo, mtaje Abdi.

Nakupenda,
Habiba